Joto la prosesa linasomeka vibaya kwenye Linux? Jua kwanza sensa ipi inasema

Wakuu, usikimbilie kufungua mashine na kubadilisha pesti ya prosesa (ile ya kupitishia joto kwenda kwenye kipozeo) eti kwa sababu umeona nyuzi 127. Mara nyingi namba hiyo haitoki kwenye prosesa kabisa. Ubao wa kompyuta una sensa kadhaa, na programu nyingi za kuonyesha joto huchukua mojawapo bila kukuambia ni ipi.

Hatua ya 1. Sakinisha lm-sensors (Fedora na Arch huiita lm_sensors), kisha:

`sudo sensors-detect`
`sensors`

Ile amri ya kwanza itakuuliza maswali. Bonyeza Enter tu, ukubali inachopendekeza yenyewe.

Hatua ya 2. Soma jina la kundi kabla ya namba. *coretemp* ni sensa za ndani ya prosesa za Intel, *k10temp* ni za AMD. Majina yanayoanza na nct au it ni ya chipu iliyo kwenye ubao. Humo ndimo utakuta AUXTIN, ambayo mara nyingi haijaunganishwa na kitu chochote, ndiyo maana inatoa 127 au hata namba hasi. *acpitz* inatoka BIOS (programu ya ubao inayowasha mashine), na kwenye mashine nyingine haisogei hata ufanye nini.

Hatua ya 3. Nenda kwenye chanzo chenyewe, yaani folda za hwmon ambamo Linux huweka usomaji wa kila sensa (hwmon2 hapa ni mfano):

`grep . /sys/class/hwmon/hwmon*/name`
`cat /sys/class/hwmon/hwmon2/temp1_input`

Ukipata 48000, hiyo ni nyuzi 48. Keneli (kiini cha Linux) huandika kwa sehemu za elfu za nyuzi. Hapa ndipo wengi wanapotea, kwa hiyo soma taratibu. Hizo namba za hwmon hazina uhakika wa kubaki vilevile. Leo hwmon2 ni prosesa, kesho ukiwasha mashine hwmon2 imekuwa diski ya NVMe. Kama kijiprogramu cha kwenye upau wako kimeandikiwa njia ya hwmon2, kitakuonyesha joto la diski na kuliita la prosesa, bila kosa lolote kutokea. Kielekeze kwa jina la draiva (programu inayosoma sensa, mfano coretemp au k10temp), siyo kwa namba.

Hatua ya 4. Ipe prosesa kazi. Teminali moja iwe na `watch -n 1 sensors`, nyingine iwe na stress-ng, programu ya kuichosha prosesa:

`stress-ng --cpu 0 --timeout 60s`

Sensa ya prosesa hupanda ndani ya sekunde chache, na kazi ikiisha hushuka haraka vilevile. Isiyotikisika achana nayo.

Hatua ya 5, kwa wenye AMD. Tctl, utakayoiona chini ya k10temp, ni kipimo cha kuongozea feni, siyo lazima kiwe joto halisi. Kwenye Ryzen 7 1700X na 1800X kimeongezwa nyuzi 20, kwenye Threadripper 1950X nyuzi 27. Ukiona Tdie, soma hiyo. Sasisha keneli kabla ya kuandika hesabu yako mwenyewe ya kupunguza, la sivyo utapunguza mara mbili.

Hatua ya 6. Sensa ya uongo inyamazishe kwa faili ndani ya /etc/sensors.d/, ukiweka jina la chipu na namba ya sensa yako:

`chip "nct6779-*"`
`ignore temp5`

Maswali ya wanachama

*Mkuu, Intel yangu ikipumzika inasoma chini ya joto la chumba. Inawezekanaje?*

Sensa hizo hupima umbali uliobaki kufikia kikomo cha joto, ambacho kwa prosesa nyingi ni nyuzi 100. Karibu na kikomo ziko sahihi, chini kabisa zinakosea. Usihangaike nayo.

*Nina Phenom ya zamani kwenye ubao wa AM2+, k10temp inagoma kupakia.*

Inagoma makusudi. Sensa ya prosesa hizo ina kasoro inayojulikana. Unaweza kulazimisha kwa kuipa draiva hiyo chaguo la force=1, lakini namba utakayopata si ya kuaminiwa. Tumia sensa ya ubao.

*Nimeshauriwa niweke acpi_enforce_resources=lax kwenye chaguo za keneli za kuwasha mashine. Niweke?*

Kwa ajili ya joto la prosesa, hapana. coretemp na k10temp haziihitaji, na inaruhusu draiva kugombania chipu moja na BIOS.

*Sasa nitajuaje kama joto ni la kweli?*

Kwa Intel, soma faili hili kabla na baada ya kazi nzito:

`/sys/devices/system/cpu/cpu0/thermal_throttle/core_throttle_count`

Namba ikiongezeka, prosesa imejipunguza kasi yenyewe kwa joto. Hapo sasa fungua mashine, safisha feni, badilisha pesti.