SOMO: Kutafuta mtaa wa kukaa na watoto Malindi (nshachoka kuulizwa inboksi, someni hapa)

Habari zenu wote. Posti hii naiandika kwa sababu nshachoka. Wiki hii pekee watu sita wameniuliza "dada nahamia Malindi na familia, nikae mtaa gani?" na nikiuliza watoto wangapi, wasoma gredi gani, kazi yako iko upande gani, naambiwa "we niambie tu mtaa mzuri". Mzuri kwa nani jamani?

Mimi mzaliwa wa Langoni, Lamu. Nilikuja Malindi na watoto watatu mume alipopata kazi huku, na miaka miwili ya kwanza tulihama nyumba mara tatu, kwa hio haya yote nayasema nimeyalipia kodi.

HATUA YA 1: Jua majina. Shella ya Malindi si Shela ya Lamu, kile kijiji cha ufuoni. Ya hapa ni mtaa wa mjini, karibu na bahari na ule msikiti wa Juma wenye makaburi ya mnara, nyumba zimebanana na mtoto akikosea barazani habari yafika kwako kabla yeye hajafika. Kuna mtu alituma pesa ya kushika nyumba akidhani ataamka aone mchanga na mashua. Usiwe yeye.

HATUA YA 2: Anza na shule, nyumba baadaye. Gredi ya 7 mpaka 9 ziko ndani ya shule za msingi, kwa hio shule unayochagua leo mtakaa nayo miaka. Kama watoto waenda chuo (madrasa, msije mkaniuliza chuo kikuu gani), hicho nacho kihesabu, maana huko huendwa jioni na kurudi ni magharibi.

HATUA YA 3: Tembea njia ya shule kwa miguu yako, na mtoto akiwa nawe. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hio nivumilieni nitarefusha.

Nyumba ya kwanza nilipata upande mmoja wa barabara ya Mombasa, shule iko upande wa pili. Ajenti akaniambia "dakika tano tu dada" na kweli ni dakika tano, kwa tuktuk. Sikutembea. Nilikuwa nimechoka na safari, nyumba ina vigae, nikalipa. Sasa mtoto wa Lamu mjini hajui gari. Sisi tumelelewa vichochoroni, kinachopita ni punda, na punda akija mwenye punda hupiga kelele "simile! simile!" nawe wajibanza ukutani apite, kwisha maneno. Jambo hilo mtoto hafundishwi, alizaliwa nalo. Wiki ya pili tunaenda shule, mwanangu wa kati, miaka saba wakati huo, yuko mbele yangu kama hatua kumi, tuktuk ikapiga honi nyuma yake. Akafanya kama kwao, akatafuta ukuta. Na ukuta aliouona ulikuwa ng'ambo ya barabara. Akatoka mbio kuuendea. Yule wa tuktuk akakwepa, akaenda kugonga mkokoteni wa maji, mitungi ikapasuka maji yakatapakaa lami yote, na mimi nimesimama nimeshika kiatu cha mtoto, maana kiatu kilibaki katikati ya barabara. Mtoto hakuumia hata ukucha. Mitungi minne nililipa. Yule dereva hakutaka hata shilingi, alikaa chini kando ya barabara akaomba maji ya kunywa, na maji ndio hayo yamemwagika.

Kwa hio, sheria zangu:

Nenda saa kumi na mbili na nusu asubuhi, siku ya shule. Si Jumapili, si likizo, si saa nne baada ya chai. Ile barabara saa nne na ile barabara alfajiri, malori ya Mombasa na mabasi ya Lamu yakiwa mbioni, si barabara moja.

Hesabu mavuko. Lami kubwa hata ikiwa moja, na mtoto yuko chini ya miaka kumi, mimi naikataa nyumba hata kama kodi ni nusu. Ramani ya simu itakwambia mita mia nne. Ramani haina miaka saba.

Usiniambie "atabebwa na boda". Nenda ukaone boda za shule hapo getini, watoto wanne juu ya kiti kimoja, wa mbele kakaa juu ya tangi la mafuta. Kama lazima iwe boda, mtafute mmoja umjue, umjue na kwao, na akubali kubeba mmoja au wawili.

Halafu rudi na ile njia magharibi. Kuna taa? Kuna maduka yako wazi, au ni ukuta mrefu wa villa upande huu na kichaka upande huu? Utashangaa njia hio hio.

HATUA YA 4: Maji. Usiulize "kuna maji?" Kila mwenye nyumba atakujibu yapo. Uliza mpangaji, tena wa pale pale: yaja siku gani, saa ngapi, na mara ya mwisho kukatika ilikuwa siku ngapi. Maji ya bomba ya Malindi yatoka Baricho, visima vya kando ya mto Sabaki, na huko huko ndiko Kilifi na Mombasa nao wanakonywea, kwa hio pampu zikikosa stima ama paipu kubwa ikipasuka twakauka sote, tajiri na maskini. Linalotofautisha nyumba ni tangi. Angalia ukubwa wake na uulize ni watu wangapi hulitumia.

Nyumba ya kisima, beba kipande cha sabuni mfukoni. Nasema kweli, nacheka lakini nasema kweli. Chota, osha mikono. Sabuni ikikataa kutoa povu, ujue hayo maji utakayoogeshea mtoto na kufulia yunifomu. Karibu na bahari visima vikivutwa sana maji ya chumvi huingia chini kwa chini, mwaka huu matamu mwaka ujao chai yaonja bahari. Angalia sufuria la jirani ndani, likiwa na ukoko mweupe ushajibiwa.

HATUA YA 5: Mvua. Mwezi wa kwanza kila mtaa ni mkavu. Mvua zetu kubwa ni za masika, Mei ndio kilele, na nyumba nyingi hapa vyoo ni shimo ama septiki, sasa fikiria mwenyewe maji yakijaa yatoka na nini. Tazama kuta za nje karibu na ardhi: mstari wa matope, ama rangi mpya sentimita thelathini za chini tu na juu ni ya zamani. Hio rangi mpya haikupakwa kwa urembo.

HATUA YA 6: Kaa na muuza vitumbua asubuhi moja. Nunua vya mia, kula pole pole, uliza. Yeye ajua nyumba gani huhamwa kila miezi mitatu na kwa nini. Kisha pitia kwa mzee wa mtaa ujitambulishe.

HATUA YA 7: Mita ya stima iwe yako peke yako. Risiti ya dipoziti iandikwe. Basi.

MASWALI

mhamiaji_nakuru: Asante sana kwa somo. Sasa mtaa gani mzuri?

bi_langoni: Rudi hatua ya 2.

baba_pacha: Dadangu, shukrani. Mimi nimependa upande wa Casuarina, kumetulia, miti, bahari iko hapo. Watoto miaka 5 na 5. Kuna ubaya?

bi_langoni: Kaka hakuna ubaya, mivinje ile na upepo wake hata mimi napenda, na ufuo wa hifadhi ya bahari uko hapo, wengine walipanda ndege kuja kuuona. Lakini angalia mambo mawili. Nyumba nyingi kule ni za wageni, zimefungwa sehemu kubwa ya mwaka, kwa hio pacha wako watacheza wao kwa wao mpaka wachokane. Pili, msimu wa watalii ukifika Desemba kuna wenye nyumba huona bora mgeni wa wiki mbili kuliko wewe wa mwaka mzima. Rafiki yangu aliambiwa ahame tarehe ishirini Novemba, na watoto wana mtihani. Mkataba uandikwe mwaka, miezi yote kumi na mbili.

nyumba_chapchap: Mbona mwatuharibia jina sisi maajenti? Sio wote ni waongo. Dakika tano ni dakika tano.

bi_langoni: Pilipili usoila yakuwashiani? Sikumtaja mtu. Na dakika tano ilikuwa kweli, nimeandika hapo juu, kosa lilikuwa langu sikutembea. Soma tena.

nyumba_chapchap: Sawa lakini ungesema pia kuna maajenti wazuri.

bi_langoni: Wapo. Mzuri hukubali kuamka saa kumi na mbili.

mama_wa_pumu: Bi mkubwa, swali langu sijaona mahali. Binti yangu ana pumu, moshi na vumbi vyamsumbua sana. Naangalia nini zaidi?

bi_langoni: Swali zuri mamangu, hili hata mimi ningeliweka ndani ya somo. Kwanza upepo. Kusi hutupata kuanzia Aprili mpaka Septemba hivi, kaskazi Novemba mpaka Machi, na wapuliza kutoka pande tofauti. Maana yake ukiona nyumba wakati wa kaskazi hewa safi, bado hujaijua. Uliza jaa la taka liko wapi, uliza kuna watu wachoma makaa ama mawe ya chokaa karibu, kisha simama uani ufikirie upepo ukigeuka moshi ule waenda wapi. Pili, nenda saa kumi na mbili jioni, ndio wakati watu hufagia wakachoma takataka na majani. Ukikuta mioshi mitatu kwenye kichochoro kimoja, huo si mtaa wenu. Tatu, njia za mchanga mwekundu zenye tuktuk nyingi, dirisha la chumba chake lisitazame huko. Na usiku wa manane akibanwa, utafika hospitali na nini? Jua dereva mmoja wa jirani ambaye simu yake haizimwi. Mengine ya dawa muulize daktari wake, mimi ni mtu wa nyumba.

mama_wa_pumu: Mungu akubariki. La moshi wa jioni sikulijua kabisa, mimi huenda kuangalia nyumba mchana.

kijana_wa_ploti: Habari. Kodi ni kupoteza pesa. Si bora ninunue tu ploti nijenge? Nimepata moja bei nzuri sana.

bi_langoni: Bei nzuri sana ndio ya kuogopwa. Panga mwaka mmoja kwanza.

kijana_wa_ploti: Kwa nini lakini? Nataka kuelewa.

bi_langoni: Haya, kwa vile wataka kuelewa. Ardhi ya ukanda huu wa pwani ina historia ndefu. Sheria ya hati ya 1908 iliwapa hati walioweza kwenda kudai, na wengi waliokuwa wakilima hapa, Wamijikenda hasa, walibaki bila. Ndio waona mpaka leo mashamba yenye mwenyewe hajulikani yuko wapi, na watu wamezaliwa humo wakazikwa humo hawana karatasi. Pia kuna mtindo wetu wa nyumba bila ardhi, yaani nyumba ni ya huyu, kiwanja ni cha yule na hulipwa kodi ya kiwanja. Mtu aweza kukuuzia nyumba yake kihalali kabisa na ardhi usiwe umenunua hata shubiri. Fanya searchi ofisi ya ardhi, mtafute wakili wako mwenyewe, usitumie wa muuzaji, na uwaulize majirani wazee kwa mdomo. Hati yaweza kuwa safi na shamba lina wenyewe wamekaa.

kijana_wa_ploti: Duh. Muuzaji aliniambia kitu kama "kodi kidogo ya kiwanja kila mwaka".

bi_langoni: Si ndio hio.

mpenda_mofa: Nje ya mada, na mimi ni wa Mkomani, Lamu, natarajia kuhamia huko. Kitanda changu cha mbao cha zamani nitakipitisha vipi? Na mkate wa mofa wapatikana?

bi_langoni: Karibu jirani! Kitanda kifunguliwe vipande, kila kiungo kipigwe alama kwa chaki, mashua mpaka Mokowe kisha lori. Usikubali lori la mbuzi, kitanda changu kilifika kinanuka, mpaka leo kukinyesha naisikia ile harufu. Mofa watu hupika majumbani, ukishaswali Ijumaa mbili tatu utajua ni nyumba gani. Na watoto wako, tafadhali, kabla ya kufungua mizigo wafundishe honi. Wangu nilimsimamisha kando ya barabara siku tatu mfululizo, honi ikilia asiende popote, asimame pale pale atazame. Alilia, aliona ni adabu mbaya kutompisha mtu.

mama_samaki: Hahaha maskini. Adabu ya Lamu.

mhamiaji_nakuru: Nisamehe dada, nimerudi. Nimesoma yote. Watoto wawili, Gredi ya 2 na ya 5. Kazi iko upande wa uwanja wa ndege. Sina gari. Mama yangu mzee atakuwa nasi.

bi_langoni: Ehee, hili ndilo swali. Basi tafuta shule kwanza upande huo huo wa uwanja, halafu nyumba upande mmoja na shule, nyinyi wakubwa ndio mvuke lami. Angalia Muyeye, lakini uulize vizuri ploti yenyewe, maana mazungumzo ya kupanua uwanja ni ya muda mrefu na kuna majirani wa uwanja hawajui watakaa ama watahamishwa. Mama nyumba ya chini, bila ngazi, na iwe na baraza inayotazama watu, usimfungie ndani ya geti la chuma akaugua upweke. Ukifika nambie. Njia ya shule tutaitembea pamoja, saa kumi na mbili na nusu, na ukichelewa naondoka.