Kabla ya Kulipia Laptopu ya Mtumba: Ina Kadi ya Grafiki au Inaazima RAM?

Kwenye maduka ya Oginga Odinga Street, Kisumu, mtu anayetafuta laptopu ya kuhariri video au kuchora plani za nyumba ataambiwa, "Hii grafiki yake ni GB 4." Huenda ni kweli, na bado isimfae. Grafiki iliyo ndani ya prosesa haina memori yake. Huazima RAM, yaani memori kuu ya kompyuta, na Windows huiruhusu kufika karibu nusu yake. RAM ikiwa GB 8, zile GB 4 ni za kuazima. Kadi inayojitegemea huja na chipu yake na memori yake. Kagua kabla hujatuma M-Pesa.

Hatua ya 1. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia "Performance", kisha shuka hadi GPU, yaani chipu ya grafiki. Soma jina, usitegemee nambari 0 au 1 inayofuata neno GPU. Intel HD, UHD na Iris Xe ni za ndani. NVIDIA GeForce au Quadro ni kadi.

AMD ndiyo hukanganya wengi. "Radeon Graphics" tupu ni ya ndani. Kwenye laptopu, Vega 3, Vega 8 na Vega 10 pia ni za ndani, hata zikitanguliwa na herufi RX. RX 560 ni kadi.

Hatua ya 2. Ukurasa huohuo, tazama "Dedicated GPU memory". Kadi ya GB 2 itaonyesha GB 2 hapo. "Shared GPU memory" ni RAM ya kuazima, usiihesabu. Ila AMD ya ndani hukatiwa kipande cha RAM, mara nyingi MB 512, nacho huandikwa "Dedicated". Ndiyo maana jina linatangulia.

Hatua ya 3. Ukikuta "Microsoft Basic Display Adapter", draiva, yaani programu ya kuendesha grafiki, haijawekwa. Hutokea sana kwa mashine iliyotoka tu kuwekewa Windows upya. Bonyeza kitufe cha Windows na X, fungua "Device Manager", kisha "Display adapters". Bofya jina kwa kitufe cha kulia cha mausi, "Properties", "Details", halafu chagua "Hardware Ids". VEN_8086 ni Intel, VEN_10DE ni NVIDIA, VEN_1002 ni AMD. Angalia pia "Other devices": kadi isiyo na draiva hujificha hapo kwa jina "3D Video Controller".

Modeli peke yake si ushahidi. ThinkPad T480 iliuzwa ikiwa na UHD 620 pekee, na nyingine zikiongezewa GeForce MX150. Kwa nje zinafanana.

Kompyuta ya mezani ni rahisi: geuza kasha. Tundu la HDMI au VGA lililo pamoja na matundu ya USB na sauti ni la mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta. Matundu yaliyo chini zaidi, kwenye vibanzi vya chuma vilivyolala, ni ya kadi. Monita ichomekwe hapo. Ukiichomeka juu, kadi uliyoilipia itakaa bure huku michezo ikikwama.

Mwisho, kadi kuwepo si kufanya kazi. Alama ya njano na maneno "Code 43" ndani ya "Device Manager" humaanisha draiva imeharibika au chipu inakufa. Mwambie muuzaji aweke draiva upya, awashe mashine tena mbele yako. Code 43 ikirudi, iache hiyo mashine dukani.