Kolonoskopi Marekani: usilipe ile bili ya kwanza

Wabongo na Wakenya wenzangu mlioko Marekani, ukishafika miaka 45 nenda kafanye kolonoskopi, kile kipimo cha kuingiza kamera kwenye utumbo mpana. Sio 50 tena, umri ulishushwa 2021 maana saratani ya utumbo mpana siku hizi inakamata hadi watu wadogo, Chadwick Boseman alifariki 2020 akiwa na miaka 43 tu. Uzuri wa hiki kipimo ni kwamba saratani nyingi za huko zinaanza kama kijinyama, wanaita polipu, kinakaa miaka mingi ndo kinaharibika, daktari akikikuta anakikata hapo hapo na hatari inapungua sana.

Ila kabla hujaenda nisikilize kuhusu bili.

Bima nyingi za kazini na zile za Obamacare (za sheria ya afya ya Obama) zinatakiwa zilipe kolonoskopi ya kinga yote, yaani ile ya kujichunguza bila dalili, wewe hutoi kitu (zile bima za muda mfupi wanazouziwa wageni hazibanwi na hii sheria, kuwa makini). Lakini kipimo kile kile, daktari yule yule, kikiandikwa kwamba umekuja na dalili, unaanza kutoa mfukoni mpaka dedaktibo iishe (kile kiasi unacholipa mwenyewe kila mwaka kabla bima haijaanza kulipa), na hapo tunaongelea hela nyingi sana.

Mimi walikuta polipu wakaikata, namshukuru Mungu haikuwa saratani. Sasa kwa sababu imekatwa, ofisi ya bili ikaandika kama vile nilienda naumwa. Bima ikagoma. Ikaja bili ya daktari, ya jengo, ya mtu wa usingizi, ya maabara, kila moja na bahasha yake, nikipiga hospitali wanasema ongea na bima, nikipiga bima wanasema ongea na hospitali, na huku barua za kunitishia wakusanya madeni zinaingia. Wakati serikali ya huku ilishatoa maelekezo tangu 2013 kwamba kukata polipu ni sehemu ya kipimo cha kinga, bima ya kawaida haitakiwi kukudai! Kilichokosekana kwenye yale makaratasi ni kitu kinaitwa modifaya 33, kialama cha kuonyesha kipimo ni cha kinga. Nilipokitaja kwa jina ndo wakatuma bili upya na deni likafutwa. Wangapi wetu wanalipa kimya kimya kwa kuogopa barua?

Kwahiyo narudia, USILIPE BILI YA KWANZA. Nyumbani tumezoea unalipa dirishani, unapewa risiti, ukitoka umemaliza. Huku subiri karatasi ya maelezo kutoka bima, ilinganishe na bili, omba mchanganuo, na bima ikikataa kulipa, kata rufaa kwao kwa maandishi, una siku 180. Usilipe kwanza eti utadai baadae. Na ukianza na kile kipimo cha choo cha kujipima nyumbani kikasoma vibaya, kolonoskopi inayofuata nayo inahesabiwa ya kinga, usikubali waseme vingine.

Msinielewe vibaya lakini mkaenda kuficha dalili. Ukiona damu chooni sema, sema hata kama utadaiwa, hospitali zisizo za faida zinalazimika kuwa na mpango wa kuwapunguzia wenye kipato kidogo, omba fomu.

Maandalizi fuata karatasi yao, ile dawa ya kuharisha kunywa yote. Kinachosumbua ni mtu wa kukurudisha, maana sababu ya dawa ya usingizi hawakuachii uondoke na Uber peke yako. Hapa ndo naionea huruma hii nchi, mtu anaishi mtaa mmoja na watu miaka kumi na hana wa kumwambia nisindikize. Sisi tuna vikundi vya WhatsApp vya misiba, tuvitumie na kwa hili, mtu asiahirishe kipimo kwa kukosa dereva.

Na nyie wa nyumbani, shangazi zangu, daktari akiuliza mzee alifariki na nini nikawapigia, msinijibu "tumbo tu lilimsumbua." Najua mnamsitiri marehemu. Lakini kama mzazi au ndugu wa tumbo moja alipata hii saratani, mtu anatakiwa aanze na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri aliogundulika nao yule ndugu, chochote kinachotangulia. Mkificha mnawaponza watoto wake.

La mwisho kwa waliokatwa polipu kama mimi. Mara nyingi hutasubiri ile miaka 10 ya kawaida kabla ya kurudia kipimo, utaitwa mapema zaidi, na bima nyingi hicho cha kurudia hawakihesabu cha kinga. Piga simu bima kabla ya kupanga tarehe, uliza kitaandikwaje, uliza na kituo kidogo cha nje ya hospitali kinatoza ngapi maana mara nyingi ni nafuu, andika jina la uliyeongea nae na namba ya kumbukumbu ya yale mazungumzo, tunza.