Kompyuta ya zamani yajikokota? Angalia diski kwanza kabla hujaitupa

Asalaam aleikum wadau. Kila wiki naletewa kompyuta ya mezani ya zamani, mwenyewe ashakata tamaa, asema mashine imezeeka anunue nyingine. Mara nyingi mashine haina neno, ni diski tu imechoka.

Kwanza kabisa, na hapa nawasihi, kopi vitu vyako kabla hujagusa chochote. Picha, hesabu za duka, vyote weka kwenye flashi au diski ya nje. Mwaka jana jirani yangu hapa Majengo aliniletea mashine ina picha za harusi ya bintiye, mimi moja kwa moja nikapiga chkdsk /r, amri ya Windows ya kukagua diski, nayo ile husoma diski nzima kipande kwa kipande, usiku kucha yasaga, asubuhi diski haisomeki tena. Mpaka leo nikimpita mama yule barazani moyo waniuma.

Ukishakopi, bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja ufungue Task Manager, tazama pale kwenye diski. Ikikaa 100% na huku yasoma MB moja au mbili tu kwa sekunde, mwizi ni huyo. Sasa zima redio na feni ya dari usogeze sikio kwenye kasha. Diski nzima yavuma tu taratibu, ile mbovu hufanya tik... tik... yatulia, yaanza tena. Ukisikia hivyo usiiwashe washe, toa vitu vilivyobaki basi.

Kisha weka CrystalDiskInfo, programu ya kuonyesha afya ya diski, ni ya bure. Rangi ya samawati ni salama, ya njano ujihadhari. Tazama mistari ya 05 na C5 kwenye orodha yake, hizo ni hesabu za sehemu za diski zilizokufa na zinazokaribia kufa, zikiongezeka siku hadi siku jua safari imefika.

Zima, chomoa waya wa stima, fungua kasha. Huku pwani vumbi hushika unyevu na chumvi likaganda kwenye feni kama donge la ugali, ligwarue kwa brashi kavu. Chomoa ramu, kile kibao cha kumbukumbu ya muda, meno yake usugue kwa rabba ya shule, rudisha mpaka isikike imeingia tak.

Diski ikiwa kweli imechoka tia SSD, yaani diski isiyo na kitu cha kuzunguka ndani, hata ya 240GB yatosha, vilivyomo kwenye ya zamani uvihamishe kwa programu ya kukloni, yaani ya kunakili diski yote kama ilivyo, ikiwa bado yasomeka vizuri. Diski ya kuzunguka kila ikitafuta faili kichwa chake chasafiri kama milisekunde 10, SSD haifiki hata moja. Ndio maana hata bodi yenye njia ya zamani ya kuunganisha diski, SATA 2, ambayo mwisho wake ni 300MB kwa sekunde, utaona tofauti kubwa.

MASWALI

Swali, Likoni: Kaka, yangu 05 na C5 ni sufuri lakini C7 yapanda kila siku. Diski yafa?
Jibu: Hapana dadangu, C7 huhesabu makosa ya data njiani, mara nyingi ni waya wa SATA, ule uunganishao diski na bodi. Badilisha waya, andika namba ya leo, kesho uitazame. Haitarudi chini, muhimu isipande tena.

Swali, Kisauni: Shekhe, ramu 4GB niongeze au ninunue SSD kwanza, pesa ni ya kimoja?
Jibu: SSD kwanza. Lakini ukiona ramu imejaa muda wote ukifungua kurasa mbili tatu tu za intaneti, baadaye jikusanye ufike 8GB.

Swali, Tudor: Windows 10 si imekatiwa msaada, kuna haja kweli ya kutia pesa humo?
Jibu: Ni kweli, tangu 14 Oktoba 2025, na hizi za zamani nyingi Windows 11 haizikubali. Mimi huzitia Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, juu ya SSD. Ya ami yangu yaandika risiti za duka mchana kutwa, na printa yake ya zamani imeshika bila kuitafutia chochote.