Maini, kalamu na upawa: kumfunza mbwa kwa chakula

Nikiitwa Raskazone au Sahare, mitaa ya hapa Tanga, kufunza mbwa wa ulinzi, mwenye nyumba huanza na pingamizi lilelile: ukimzoesha kupewapewa, siku moja mwizi atamtupia nyama ya sumu. Hofu hiyo si ya kipuuzi. Nitaijibu kwenye hatua ya 4, ila kwanza twende jikoni.

Hatua ya 1: Andaa vipande

Nunua robo kilo ya maini ya ng'ombe. Yachemshe bila chumvi, bila kitunguu maji wala kitunguu saumu, maana vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Yakiiva, kata vipande vidogo kama punje ya mbaazi, uvikaushe kwenye kikaango juu ya moto mdogo visinate mkononi. Utapata zaidi ya vipande 150. Wengi hukata minofu kama ya mshikaki. Mbwa anatafuna weee, akimaliza ameshasahau alipewa kwa lipi, na baada ya mara 10 ameshiba.

Dagaa pia wanafaa, lakini hawa wa baharini huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, kwa hiyo waloweke na kuwasuuza. Chokoleti, zabibu na mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe kabisa. Maini yakizidi humharisha. Vipande vyote visipite sehemu 1 ya 10 ya chakula chake cha siku, na ugali wa jioni upunguze. Vinavyobaki viweke kwenye friji, kwa joto la Tanga haviponi mfukoni.

Hatua ya 2: Mpe sauti

Chukua kalamu ya kubonyeza. Mbwa akiwa na njaa kidogo, asubuhi kabla jua halijakaza, bonyeza "ta!" kisha mpe kipande. Usimwamuru kitu. Rudia mara 15 hivi, hadi ukibonyeza anageuka kukutazama. Panya buku wa Morogoro, wale wanaonusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, hufunzwa kwa mtindo huohuo: mlio mdogo, kisha ndizi au karanga.

Sauti ina kazi moja: kushika ile sekunde. Mbwa wangu wa kwanza nilimfunza bila sauti. Akikaa, mimi naingiza mkono mfukoni kutafuta nyama. Yeye anainuka, ananusa mfuko, nampa. Baada ya wiki mbili nilikuwa na mbwa hodari wa kupekua mifuko ya wageni. Nilimlaumu yeye kwa muda mrefu, kumbe mwalimu ndiye aliyekuwa anachelewa.

Hatua ya 3: Kaa

Shika kipande puani mwake, kipandishe taratibu kuelekea nyuma ya kichwa. Pua ikifuata juu, makalio yatashuka. Yakigusa chini tu, "ta!", mpe. Fanya hivyo mara 4 au 5, basi. Inayofuata mkono uwe mtupu, ishara ileile, na nyama itoke kwenye kopo baada ya sauti. Ukiendelea kumwonyesha nyama kila mara, atakaa siku akiiona tu. Neno "kaa" liongeze akishaelewa.

Hatua ya 4: Acha

Mlinzi mmoja wa makamo aliniambia, "Mwanangu, huyu nitakesha naye, lakini mate yake siyataki. Nina swala ya alfajiri." Sikuwa na la kubisha: kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani, palipoguswa na mate ya mbwa huoshwa mara 7, mojawapo kwa udongo. Kwa hiyo alikuwa akimrushia nyama chini. Na hapo ndipo mwizi anapopata mlango, kwani mbwa amefunzwa kwamba kilichoanguka chini ni chake.

Tukatafuta upawa, kifuu kwa mpini mrefu. Tangu siku hiyo, malipo yote ya mbwa hutoka kwenye upawa tu.

Zoezi lenyewe: weka kipande chini, kifunike kwa kiatu. Mbwa atanusa, atalamba, atachimba. Nyamaza. Akiondoa pua, hata kwa bahati, "ta!" na umpe kipande kingine, kitamu zaidi, toka kwenye upawa. Cha chini asikipate kamwe. Akizoea, ondoa kiatu na useme "acha". Mwisho, mtu asiyemjua arushe nyama kutoka nje ya ukuta, mbwa akiwa kwenye kamba ili asiifikie.

Sitakudanganya kwamba hapo sumu imekwisha kazi. Mbwa aliyelala njaa atakula tu, kwa hiyo mlishe kabla ya zamu.

Hatua ya 5: Punguza

Nyumbani anapotii mara 8 kati ya 10, anza kuruka: mpe mara hii, ijayo msifu tu, ila isitabirike. Ukimpeleka ufukweni penye kunguru na harufu za samaki, rudi kumlipa kila mara, tena kwa maini. Ugali mkavu hauwezi kushindana na utumbo wa changu.

Upawa wa yule mzee unaning'inia kwenye msumari wa kibanda cha getini, mpini umepakwa rangi nyekundu, dada wa jikoni asije akauchotea mchuzi.