Namna ya kuandaa msako wa mbweha wa redio hapa Mbeya

Wadau, klabu ya redio ya ridhaa (ile ya kuwasiliana hewani kwa kujifurahisha tu) ikiishia kukaa chumbani kubishana kuhusu antena ambazo hakuna hata mmoja wenu anazo, watu wanapotea mmoja mmoja. Kinachowarudisha ni kutoka nje, na kwa huku kwetu nyanda za juu hakuna shughuli tamu kama msako wa mbweha, yaani mtu mmoja anaficha karedio kanakorusha mlio, hako ndiko mbweha, halafu wengine wote wanakatafuta na antena za mkononi mpaka wakaguse. Haihitaji hela nyingi wala umeme, na mgeni ambaye hajawahi kushika maiki anaweza kumpiga bao mkongwe kwa sababu wanaosaka wanasikiliza tu.

Ya leseni tuyamalize haraka. Anayerusha, yaani mwenye mbweha, lazima awe na leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na kolsaini yake, yaani jina lake la hewani, inayoanza na 5H, na TCRA wana ofisi ya kanda hapa hapa Mbeya kwa hiyo kisingizio cha "Dar mbali" hakipo. Mbweha ajitaje kwa kolsaini hiyo. Masafa chukueni bendi ya mita 2, ambayo kwa Afrika ni 144 mpaka 146 MHz. Msikae 145.500, hapo ndipo watu wanapoitana, na msipande kuanzia 145.800 kwenda juu, huko ni kwa setilaiti na hata kile kituo cha anga cha kimataifa kinashusha sauti hapo hapo 145.800. Mimi napenda 145.300, utaona baadaye kwa nini nimetaja namba kamili.

Mbweha mwenyewe anaweza kuwa redio ya mkononi ya kawaida tu, Baofeng au mwenzake, nguvu iwe ya chini kabisa. Irushe kama nusu dakika, inyamaze dakika mbili, irudi tena, maana ikirusha mfululizo inachemka na betri inakata kabla hata watu hawajavuka barabara. Kama kuna kijana kwenye klabu anacheza na Arduino, vile vibao vidogo vya kuprogramu, mpeni hiyo kazi ya kuifanya ijibonyeze yenyewe, kama hayupo basi mtu akae nayo kichakani na chupa ya chai (na hii kazi huwa hakosekani wa kuipenda). Iwekeni kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Kopo la bati hapana, litafunika mawimbi. Kwenye mashindano ya kimataifa mbweha wanakuwa watano wanapokezana dakika moja moja kwenye masafa yale yale, wanatuma Morse: MOE, MOI, MOS, MOH na MO5, na hata asiyejua Morse anawatofautisha kwa kuhesabu nukta za mwisho, moja mpaka tano. Nyie anzeni na mmoja.

Sasa antena, hapa ndipo pazuri. Kuna mchoro umezunguka dunia nzima wa kutengeneza yagi, antena ya vipande sambamba inayosikia zaidi upande mmoja, kwa futi ya fundi, ile ya chuma inayojirudisha. Nunua ya mita 5, ina bapa pana kidogo kuliko ya mita 3 kwa hiyo hailegei, na uzuri wake vipimo vimo tayari juu yake. Kata kwa mkasi wa bati: kipande cha nyuma sentimita 105, cha mbele 89, na cha katikati ni viwili vya 45 kila kimoja, vinaachana kama sentimita mbili na nusu. Ncha zifunge tepu nyeusi ya umeme la sivyo mtarudi na vidonda. Mgongo wake ni bomba la maji la PVC la nusu inchi na viungio vyake: kutoka kipande cha nyuma mpaka cha katikati ni sentimita 20, kutoka katikati mpaka cha mbele 32. Vifungie kwa zile klipu za chuma za kukazia mpira wa radieta, maduka ya spea pale Mwanjelwa yamejaa.

Vile vipande viwili vya katikati kwangua rangi kwa msasa pale karibu na bomba, mpelekee fundi redio akuchomelee kwa risasi waya wa antena wa RG-58, wa ndani upande mmoja na ule wa kusuka upande wa pili, halafu aunganishe kipande cha waya mgumu cha kama sentimita 13 kilichokunjwa umbo la U kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Usishangae ukikipima kwa mita ukaona ni shoti, kwenye masafa haya hicho ndicho kinachoifanya antena ielewane na waya. Ukikosa RG-58 na ukawa na waya wa dishi, kwa kusikiliza tu utakufaa. Na sababu ya kutumia futi na siyo bomba la aluminiamu ni kwamba ukipita kwenye migomba inakunjika halafu inarudi yenyewe.

Kusaka kwenyewe. Wengi wanakosea hapa, wanaangalia vile vipau vya kwenye kioo cha redio. Redio za bei hii vipau vyake ama vimejaa ama hakuna, havikwambii kitu. Zima kabisa skwelchi, ile inayonyamazisha mvumo (weka 0), usikilize mvumo, mlio ukiwa safi upo upande wake, mvumo ukirudi umepotea. Shika antena vipande vikiwa wima kama antena ya mbweha ilivyo, zunguka taratibu. Kwa mbele antena hii inasikia pana sana, kwa hiyo usiseme "ni huku" kwa sababu mlio umependeza, tafuta kingo mbili ambazo mlio unaanza kuchafuka, kushoto na kulia, katikati yake ndiyo njia. Halafu igeuze, nyuma yake kuna sehemu nyembamba ambayo mlio unakufa kabisa, na hiyo ndiyo inayokupa uelekeo wa uhakika kuliko mbele.

Asiye na antena naye asibaki nyumbani. Abane redio kifuani, ajizungushe, mwili unaziba mawimbi, pale mlio unapofifia zaidi mbweha yuko mgongoni kwake.

Tatizo la Mbeya ni milima, na ndiyo raha yake. Mji umekaa chini ya Loleza, mawimbi yanagonga kule yanarudi, unaweza kusimama Kabwe antena ikakuelekeza mlimani kaskazini kabisa wakati mbweha amelala zake Iyunga. Usianze kupanda! Pima, chora mstari kwenye ramani, sogea mbali pembeni, pima tena. Mistari mitatu ikikutana sehemu moja hapo sawa, mmoja ukienda kivyake huo ni mwangwi, utupe. Vipimo vya kwenye kilima kilicho wazi viaminiwe kuliko vya bondeni kati ya majengo. Na msifiche mbweha karibu na minara, hizi redio za bei chee zinazidiwa na mitambo mikubwa, utasikia makorokoro matupu.

Ukishakaribia, mita mia hivi, mambo yanageuka, mlio unakuwa mkubwa pande zote na antena haina maana tena. Kwanza sogeza masafa kidogo, 145.310 halafu 145.315, mlio utapungua na uelekeo utarudi. Ikizidi tena, chomoa antena kabisa. Na kuna hii ambayo wakongwe hawaisemi mapema: redio yoyote inavuja kidogo kwenye mara tatu ya masafa yake, 145.300 mara tatu ni 435.900, kwa hiyo kama redio yako ina bendi zote mbili, VHF na UHF, weka hapo. Ukiwa mbali husikii chochote, ukianza kusikia anza kuangalia miguuni.

Kingine ni watu. Kijana mwenye mdude wa futi na mabomba anayezunguka-zunguka shambani kwa mtu anatisha. Kule Igawilo mama mmoja alisimamisha jembe akatuuliza, "Wanangu, mnapima viwanja? Maana hili shamba ni la marehemu baba yenu." Ilibidi tumwamkie upya, tukamvalisha hedifoni asikilize, akacheka akatuonyesha kwa kidole mtu aliyepita asubuhi na ndoo. Kwa hiyo mwambieni mwenyekiti wa mtaa siku moja kabla, shikamoo itangulie, viazi vya watu visikanyagwe, na mbweha asifichwe karibu na shule, kambi wala kituo cha polisi. Juu ya ndoo andikeni kwa herufi kubwa ni kitu gani na simu ya mwenye nacho.

Kwa muda, Mei mpaka Oktoba ndiyo kukavu, ila Juni na Julai asubuhi baridi ya Uyole mnaijua, anzeni saa nne. Mbweha afichwe angalau saa moja kabla na aliyemficha asipige picha akaweka statasi. Ndani ya ndoo muweke daftari na kalamu, kila anayefika anaandika jina na saa, anafunga mfuniko na kuondoka kimya bila kushangilia ili wengine wasimfuate kwa macho. Wa mwisho anairudisha ndoo, wa kwanza ndiye anayeficha msako unaofuata, na betri aichaji yeye.