Kabla Amri ya Kutotoka Nje Haijatangazwa: Mambo ya Kuandaa Nyumbani

Mtu anayeishi Tanga hudhani kwa urahisi kwamba hali ya hatari ni habari ya Dar es Salaam, Mombasa au Unguja, na kwamba sisi wa huku tutaisikia tu redioni. Lakini watoto wetu wanasoma huko, waume zetu wanapeleka mizigo huko, na amri inayotolewa huko saa 12 jioni huwa imekwisha kuigusa nyumba ya Ngamiani, hapa Tanga mjini, kabla ya adhana ya Isha. Ninayoyaandika hapa ni mambo ya kukamilishwa mitaa ikiwa bado imetulia, kwa kuwa baada ya tangazo hubaki muda wa kufunga mlango tu.

Kwanza fahamu ni kitu gani hasa kilichotangazwa, maana watu huchanganya mambo ambayo kisheria yako mbalimbali. Utawala wa kijeshi, yaani wanajeshi kushika kazi za polisi, mahakama na viongozi wa kiraia, hauna ibara inayouanzisha katika Katiba yetu ya mwaka 1977. Kilichomo ni hali ya hatari, iliyowekwa katika Ibara ya 32, ambayo Rais anaweza kuitangaza katika nchi nzima au sehemu yake kukiwa na vita, tishio la kuvamiwa, kuvunjika kwa amani, maafa makubwa au hatari nyingine iliyo dhahiri kwa taifa. Tangazo likihusu Jamhuri yote, Tanzania Bara yote au Zanzibar yote, nakala yake hupelekwa kwa Spika, na Bunge hukutana ndani ya siku 14 kuamua kama linaliunga mkono kwa kura zisizopungua theluthi mbili ya wabunge wote. Siku hizo 14 zikipita bila azimio, tangazo hukoma; likiungwa mkono, hudumu miezi 6, na kurefushwa kwake kunahitaji tena theluthi mbili. Ibara ya 31 inaruhusu sheria zinazobana haki ya kuishi na uhuru wa mtu binafsi wakati huo, kwa kiasi kinachohitajika tu kukabili hali iliyopo, na inakataza mtu kunyang'anywa haki ya kuishi isipokuwa kwa kifo kilichotokana na vitendo vya vita.

Yahesabuni masharti hayo ya siku na kura kama mnavyohesabu siku za deni. Kenya iliwekwa katika hali ya hatari na Waingereza mwezi Oktoba 1952, na hali hiyo haikuondolewa hadi Januari 1960: jambo lililoitwa la dharura likakaa zaidi ya miaka 7, na watoto waliozaliwa ndani yake wakaanza shule hawajui maisha mengine. Raia asiyejua tangazo linakoma lini hawezi hata kumuuliza mbunge wake swali la maana.

Amri ya kutotoka nje ni jambo jingine, na ndiyo itakayokufikia mara nyingi zaidi. Inaweza kutolewa bila tangazo lolote la hali ya hatari. Kenya ilifanya hivyo kwa sheria ya kawaida ya utulivu wa umma kuanzia tarehe 27 Machi 2020, wakati wa korona, watu wakatakiwa kuwa ndani kuanzia saa 1 usiku hadi saa 11 alfajiri. Dar es Salaam iliwekewa amri ya namna hiyo kuanzia saa 12 jioni ya tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, nayo haikutanguliwa na tangazo la Ibara ya 32. Kwa hiyo ukisikia neno limetoka, andika mambo manne: nani ametoa amri, inahusu eneo gani, inaanza na kuisha saa ngapi, na nani wameruhusiwa kutembea. Usiandike kwa kusikia kwa jirani. Uwe na redio ndogo ya betri na betri za akiba, kwa sababu siku hiyohiyo ya Oktoba intaneti ilizimika nchini na ikakaa siku kadhaa, na waliokuwa wakitegemea makundi ya simu kupata habari wakabaki na uvumi.

Vitu vya kawaida navitaja kwa haraka. Unga, mchele, maharage na mafuta ya wiki mbili. Maji ya kunywa kwenye madumu yenye vifuniko. Mkaa, hata kama unapikia gesi. Fedha taslimu kwa noti ndogo, kwa kuwa mawakala wa pesa za simu hufunga pamoja na maduka. Tochi. Taulo za kike na nepi, ambazo wanaume hawazikumbuki.

Dawa zinastahili zaidi ya mstari mmoja. Mwenye kisukari, shinikizo la damu, kifafa, selimundu au anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI asisubiri vidonge vibaki vitatu. Akachukue za mwezi mzima mapema pale inapowezekana, na kadi yake ya kliniki iwe karibu na mlango, kwa kuwa ndiyo itakayosema kwa niaba yake kwenye kizuizi cha barabarani. Mama mjamzito aliyekaribia siku zake na anayeishi mbali, tuseme Mabokweni au Pongwe, ahamie kwa ndugu aliye karibu na hospitali kungali mapema. Uchungu haungoji saa 11 alfajiri.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo halimo katika orodha nyingi nilizosoma, nami ninalisisitiza kuliko yote kwa sababu nililiona likiitesa nyumba ya jirani. Kijana wa nyumba hiyo husafiri na lori la machungwa ya Muheza kwenda Dar es Salaam, na siku ile ya Oktoba amri ilimkuta huko. Jioni simu yake haikupatikana. Kesho yake haikupatikana. Mama yake hakuwa na namba ya mwenye lori, kwa kuwa ilikuwa ndani ya simu ya kijana mwenyewe, na namba za wenzake alizijua kwa picha zao kwenye mtandao ambao sasa haukufunguka. Mjomba aliyekuwa Dar es Salaam ndiye aliyebebeshwa kazi ya kutafuta, akazunguka hospitali, kisha vyumba vya maiti, kisha vituo vya polisi, akirudi kila siku kabla ya magharibi ili naye asikamatwe.

Katika kituo kimoja alikwenda mara mbili, na mara zote mbili akaambiwa hakuna mtu wa jina hilo. Kijana alikuwa humo humo. Alizaliwa na kupewa jina la baba wa baba yake, na mama yake, kwa adabu ya kwetu, hamtaji mkwewe kwa jina, basi tangu utotoni akamwita Babu, na mtaa mzima ukamfuata. Mjomba kwa upande wa mama alimjua kwa jina hilo na kwa jina la baba wa kambo aliyemlea. Kitambulisho cha taifa kinamtaja kwa majina matatu ambayo hakuna yeyote kati ya waliokuwa wakimtafuta aliyeweza kuyataja kwa ukamilifu, na kitambulisho chenyewe kilikuwa mfukoni mwake. Majina hayo ndiyo yaliyoandikwa kwenye daftari la kituo. Alipatikana pale tu dada yake alipofungua sanduku la vyeti huku Tanga, akakuta nakala ya cheti cha kuzaliwa, akamsomea mjomba majina herufi kwa herufi kwenye simu ya kawaida. Aliachiwa baadaye bila shtaka. Mama yule hadi leo akisikia simu ya usiku hukaa chini kwanza ndipo aipokee.

Kwa hiyo leo hii, kabla hujalala, chukua karatasi. Andika majina kamili ya kila mtu wa nyumba kama yalivyo kwenye kitambulisho cha taifa, namba ya kitambulisho hicho, na kando yake jina analoitwa mtaani. Andika namba za simu za mwajiri wake, mwenye gari analosafiri nalo, rafiki anayelala naye chumba kimoja, mwenyekiti wa mtaa na wakili kama mnamjua. Toeni nakala: moja ibaki nyumbani, nyingine iwe kwa ndugu wa mji mwingine ambaye wote mmekubaliana kuwa ndiye wa kupigiwa wakati jamaa hawapatikani. Kila mtoto aliyekwisha kujua kusoma akariri namba mbili. Anayesafiri aseme anafikia nyumba gani na mtaa gani, wala asikubaliwe jibu la "nitawaambia nikifika".

Mtu akishikwa, ulizeni kwa utulivu ameshikwa kwa mamlaka ya nani, kwa kosa gani na tangu saa ngapi, kisha andikeni majibu pamoja na jina la aliyewajibu. Saa zina maana. Kwa kawaida aliyekamatwa na polisi anapaswa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, na Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inampa mkuu wa mkoa au wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu awekwe ndani kwa muda usiozidi saa 48. Ndugu asiyejua aanze kuhesabu lini hana pa kuanzia hata akimpata wakili.

Msikaribie saa ya mwisho mkiwa barabarani. Siku ya kwanza ya amri ile ya Kenya, umati uliojazana kwenye kivuko cha Likoni, Mombasa, ukiwahi nyumbani, ulirushiwa mabomu ya machozi na kupigwa kabla hata saa 1 usiku haijafika. Jipangieni kuwa ndani muda wa saa mbili kabla ya amri kuanza, na dereva akisema bado kuna muda, msimsikilize.

Msipige picha askari wala vizuizi. Msisambaze sauti msizojua zimetoka wapi, hata zikitumwa na mtu mnayemheshimu. Vijana wasikae barazani wala kwenye vijiwe vya kahawa baada ya magharibi, na mtoto asitumwe dukani kwa ajili ya chumvi. Mlinzi, muuguzi na mvuvi anayerudi usiku wabebe kitambulisho cha kazi, na kama kazi haina kitambulisho wakaombe barua kwa mwajiri au mwenyekiti wa mtaa wiki hii. Wenye watoto wa madrasa ya jioni wazungumze na ustadhi mapema, wakubaliane watoto waachiwe saa ngapi siku ya amri, na nani atawapeleka wale wa mbali.